Visu vya kukunja vya siku hizi, vyatengenezewa kukata au kupigwa picha?

#1 BahariMali (Shela)
Salaam aleikum jamaa. Nna swali limenikaa rohoni. Hivi visu vya kukunja vinavyopendwa siku hizi, vyeusi tii, mpini una matundu kila mahali, ncha imekatwa pembe, mgongoni kuna meno, ukigusa kwa kidole kimoja chafunguka chwak, je, vimetengenezewa kukata au kupigwa picha? Mimi nasema picha na sababu ninayo.

Kazi yangu ni baharini, msimu wa wageni nabeba wageni, wageni wakikatika navua. Kisu kwangu si pambo, nakishika toka alfajiri, kukata mshipi, kukata chambo, kukata kamba iliyojizonga kwenye pangaboi ya mashine, kumenya embe mchana. Sasa jamaa yangu kaniletea kimoja cha aina hiyo kutoka ng'ambo, jina la kampuni sitalitaja. Pale gatini kila kijana alitaka kukishika. Nkatoa ngisi wa friza, ameganda nusu, nkamweka ubaoni. Kisu kikaingia kidogo kikakwama, nikikandamiza ngisi anapasuka kombo, na makali yake nlishayajaribu kwenye nywele za mkono yakanyoa safi! Nkachukua Opinel yangu ya stenlesi yenye mpini wa mti, kisu cha bei ndogo kabisa, ikapita mpaka ubaoni bila kuhangaika.

Basi nkavishika vyote viwili nkaviangalia kwa juu, upande wa mgongo. Hiki kipya ubapa wake wakaribia milimita 4 na unene huo wateremka nao mpaka karibu na makali, ndipo unakatizwa ghafla. Opinel mgongo haufiki milimita 2 na wapungua polepole mpaka chini. Sasa nauliza, mtu mwenye akili zake atengeneza kisu kinene vile ili iweje? Karibuni.

#2 Kijana_Gajeti (Malindi)
Mkuu mi nakubishia mapema kabla uzi haujachafuka. Umeshika kimoja kibaya ukahukumu vyote. Chukua Spyderco ya Marekani, kisu chao cha kwanza cha kukunja kilitoka 1981 kina tundu la duara kwenye ubapa na klipu ya kukining'iniza mfukoni. Lile tundu laupa ubapa kibyongo, sura yake mpaka leo watu wengi waiona mbaya, na bado vyanunuliwa duniani kote. Kama wanunuzi wangekuwa wafuata sura tu kisu kile kingekufa zamani. Tundu ni la kufungulia kwa mkono mmoja huku ule mwingine umeshika kamba, na wewe nahodha hiyo waijua kunishinda. Opinel waifungua kwa ukucha, je, mikono ikiwa na utelezi wa samaki wafanyaje?

#3 BahariMali (Shela)
@Kijana_Gajeti ya mkono mmoja nakubali kabisa, hapo sina neno. Opinel naifungua kabla sijaanza kazi na haifungwi mpaka nimalize. Lakini unene hujaujibu.

#4 KinooChaAmu (Lamu)
Mimi nanoa hapa mjini, visu, mikasi, mapanga, kila kitu chapita mkononi mwangu kwa hivyo naomba niseme hili polepole kwa sababu watu walichanganya kila siku wakija dukani.

Ukali ni ule mstari wa mwisho wa chini kabisa. Kukata ni mstari ule pamoja na mwili unaoufuata nyuma. Makali yafungua njia, sasa ubapa nao lazima upite kwenye njia hiyo hiyo. Nyama mbichi au nyanya yajipisha, haina taabu. Muhogo haujipishi, embe bichi halijipishi, ngisi aliyeganda hajipishi, boksi gumu la katoni halijipishi. Ndio kisu kinachonyoa nywele chaweza kukwama kwenye muhogo, mpaka wasikia kraa na umegawanyika mahali ambapo hukutaka. Kipimo changu mimi si unene wa mgongo hata, ni unene pale juu tu ya makali, pashike kwa vidole viwili uteremshe taratibu utahisi kama pana bega. Kisu cha kukata vizuri hakina bega, vidole vyashuka mpaka vyaishia hewani. Hicho cha BahariMali nna hakika kina bega la kutosha.

Na kwa nini watengeneza hivyo? Kwa sababu watu hawakati na visu! Wafungulia makopo ya rangi, wachokonolea misumari, wabandulia tairi la baiskeli. Ncha ikivunjika mtu arudisha kisu kwa kampuni adai kingine. Kampuni nayo yajilinda, yanenepesha. Kwa hivyo mimi lawama nampa mtumiaji kabla ya fundi.

#5 mzee_wa_Pate
Wanangu mwashindana bure. Kisu cha kazi hakikunjiki. Bawaba ile itaingia mtanga na mai ya tumvi, na siku moya itakukata vidole. Sisi tulikuwa na kisu cha ala, huchomoi ila wakifanyia kazi, ukimaliza wakisuuza wakirudisha. Na hiyo klipu wanaisifia, mimi navaa kikoi, niitie wapi? Kisu changu ki kibindoni. Hivi visu vya mato ndivyo walivyosema wazee, uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti.

#6 Kijana_Gajeti (Malindi)
Shikamoo mzee wangu. Nakuheshimu sana ila mtu wa mjini kisu cha ala akitie wapi na yeye aingia benki aingia ofisini? Kukunja ndiko kunakofanya uwe nacho siku unapokihitaji. Kisu kizuri kilichobaki nyumbani hakijakata chochote.

#7 BintiKizingitini
Naona wanaume mmekazana na milimita mmesahau chumvi. Mimi nanunua kamba na pweza kwa wavuvi, mikono yangu iko kwenye maji ya bahari kutwa. Nilinunua kisu cha kukunja kwa mtandao, kimeandikwa D2 ubavuni kwa herufi kubwa, aliyeniuzia kaniapia chuma kigumu hakishindwi na kitu. Nkakitumia asubuhi nkakifuta kwa kitambaa nkakiweka. Kesho yake kina madoa ya kutu kama tetekuwanga ubapa wote, na ndani kwenye bawaba kulikuwa kumeshaanza. Kisu cha jikoni cha stenlesi cha bei ya chini kabisa kiko pale pale mwaka wa ngapi sijui na hakina hata doa. Sasa hiyo D2 ni jina la urembo ama?

#8 Msomi_wa_Chuma (Mombasa)
@BintiKizingitini pole dada. D2 si urembo, ni chuma cha kweli kabisa, tatizo ni kuwa kiliundwa kwa kazi nyingine, kutengenezea vifaa vya kiwandani vya kukatia vyuma vingine. Kina kaboni karibu asilimia 1.5 na kromiamu karibu 12. Mtu akisikia kromiamu 12 asema basi ni stenlesi, kwa sababu kawaida chuma kikishapita asilimia 10.5 hivi huhesabiwa stenlesi. Lakini kaboni ikiwa nyingi vile yaishika kromiamu na kufanya nayo punje ngumu ndani ya chuma. Punje hizo ndizo zafanya makali yakae muda mrefu. Kromiamu iliyoshikwa huko haiko huru kutengeneza ule utando mwembamba wa juu unaozuia kutu. Nairobi hutaona shida. Huku kwetu chumvi yatoboa utando wenyewe hata wa stenlesi nzuri, na yatoboa kwa nukta nukta, ndiyo hiyo tetekuwanga yako.

Vipo visu vya baharini hasa. Hao hao Spyderco wana visu waviita Salt, vya kwanza vilikuwa vya chuma kiitwacho H1, ambacho kaboni imepunguzwa sana na badala yake kuna nitrojeni. Hicho wakiacha kwenye ndoo ya maji ya bahari hakijali. Makali yake ya kawaida hayakai kama ya D2, watu wengi wapendelea yenye meno ya msumeno.

#9 Yakhe_Tena (Lamu)
BahariMali umeleta ngisi tumeishia darasa la kemia 😂 haya niongeze yangu. Hakuna kisu cha kukunja kimewahi kushinda Okapi. Mpini wa mti, kipete cha chuma mgongoni wakivuta ndio kifunge, chalia krrr krrr kikifunguka, basi. Kisu cha Afrika Kusini, kimeundwa na Mwafrika kwa kazi za Mwafrika, hakuna mambo ya picha.

#10 MaalimTarehe (Malindi)
@Yakhe_Tena yakhe kisu ni kizuri lakini historia sivyo. Okapi ilianza Ujerumani 1902, visu viliundwa kuuzwa kwenye makoloni ya Wajerumani huku Afrika. Ni 1988 ndipo utengenezaji ulipohamia Afrika Kusini.

Na niweke sawa jingine kabla halijaletwa. Kile kisu chekundu cha Uswisi, jeshi lilipokubali muundo wa kisu cha askari fungu la kwanza lilitoka Solingen huko huko Ujerumani, Waswisi hawakuwa na kiwanda cha kutosha. Karl Elsener alianza kuwapelekea jeshi 1891, na kisu cha maofisa, ambacho ndicho baba wa hivi vyekundu, alikisajili 1897. Mwaka huo huo Opinel wakaanza kuvipa visu vyao namba, 1 mpaka 12.

#11 Yakhe_Tena (Lamu)
Haya Maalim, basi kiliundwa na Mjerumani kwa kazi za Mwafrika. Krrr krrr yake iko pale pale.

#12 Mchonga_Milango (Lamu)
Nimesoma yote nikaona hakuna aliyesema neno la urembo wenyewe. Mimi nachonga milango na nakaa na urembo kutwa nzima. Sikubali kuwa urembo na kazi ni maadui. Mlango wa Amu una nakshi juu mpaka chini, una maua, una minyororo pembeni, na mlango huo huo wafunga, wabeba komeo, wastahimili kaskazi na kusi miaka mia. Nakshi imekaa mahali ambapo haiguzi kazi. Hakuna fundi atachonga ua penye bawaba mlango ukwame.

Kwa hivyo nikiangalia kisu swali langu ni, huu urembo umekaa wapi? Mpini ukiwa wa pembe au una michoro, sawa, mkono hauumii. Lakini meno ya mgongoni yako pale unapoweka dole gumba ukikandamiza. Nlishika kimoja cha mteja nkachonga nacho kipande cha mti mdogo tu kama kujaribu, dole likachubuka kabla ya kipande hakijapata umbo. Na yale matundu ya mpini ni makazi ya uchafu. Huo ni urembo uliokaa njiani.

#13 BahariMali (Shela)
@Mchonga_Milango umelisema lililokuwa likinishinda kusema. "Urembo uliokaa njiani". Unene nao ni hivyo hivyo, wakipa kisu sura ya nguvu na wakaa njiani.

#14 Kijana_Gajeti (Malindi)
Mchonga Milango heshima, ila mfano wako waweza kugeuka. Chukua jambia ya Yemen. Thamani yote iko mpinini na kwenye ala na mkanda, ubapa hauulizwi sana. Hiyo ni karne na karne, watu wamelipia sura na hawajaona haya. Kwa nini mtu wa leo akipenda kisu chake kwa sura aambiwe amedanganywa? Vyangu vingine sijawahi kukatia kitu na navipenda, navifungua jioni, navipaka mafuta, navirudisha. Kuna yule hununua saa ya kuzama mita 200 na kuogelea hajui, mbona hamumsemi.

#15 MaalimTarehe (Malindi)
Na jambia hiyo tuitaje yote. Mpini wa bei kubwa ulikuwa wa pembe ya kifaru, na miaka ya 1970 pesa ya mafuta ilipoingia Uarabuni kila kijana wa Yemen aliyekwenda kufanya kazi Saudia alirudi aitaka. Hapa Kenya vifaru weusi walikuwa wapatao 20,000 mwanzo wa miaka hiyo, kufikia mwisho wa miaka ya 1980 wamebaki kama 400. Sisemi ni mipini pekee, pembe nyingi zilikwenda Mashariki ya Mbali kwa dawa pia. Lakini sura ya kisu iliwahi kugharimu nchi yetu hii wanyama wake, kwa hivyo mtu asiseme sura ni jambo dogo.

#16 Malindi_Jikoni
Uzi mtamu. Mimi ni mpishi, twapika ufukweni kwa wageni. Naongezea ile ncha iliyokatwa pembe, ile wajapani wajapani hivi. Kwenye ubao wa kukatia haina faida kabisa, makali yake yamenyooka kisha yakunja kona, huwezi kubembea kisu kwenye kitunguu, kona yagota. Wasema ni ya kuchomea vitu vigumu, sasa mimi nichome nini kigumu, bati? Hamna hata mmoja wenu achoma vitu vigumu.

Halafu kisu cha kukunja na chakula mimi sipendi kabisa, kiwe kipi. Tumbua samaki mmoja nacho ukifunge, kesho ukifungue unuse ndani. Hata Opinel mnayoisifu mti wake ukinywa maji wafura na ubapa wabana, kufungua ni kugongesha kitako mezani.

#17 BahariMali (Shela)
@Malindi_Jikoni kufura ni kweli kwa mti wowote. Wengi waulowesha mafuta ya kitani mpini mzima kabla ya kuanza kuutumia, hupunguza sana. Na kile kipete cha kuzungusha shingoni ndicho hufanya nikiamini, toka zamani zile wamekuwa nacho hakijabadilika.

#18 MaalimTarehe (Malindi)
Si toka zamani hivyo nahodha. Kisu ni cha 1890, kipete kiliwekwa 1955. Miaka 60 na zaidi watu walitumia bila kufuli lolote.

Na kuhusu ncha, mabaharia wa Ulaya wa zamani visu vyao vya kukunja vingi havikuwa na ncha kabisa, mgongo umeteremshwa ukakutana na makali, butu mbele. Chombo chayumba, mtu akianguka na kisu wazi asijichome wala asimchome mwenziwe. Pembeni kulikuwa na chuma kama msumari mnene cha kufungulia mafundo ya kamba. Ukikiangalia hakina sura yoyote, na kila pembe yake ina sababu.

#19 NjiaYaWitu (Mokowe)
Niseme kidogo na mimi. Sura yafanya kazi jamani, tena kazi kubwa. Mimi nasafiri njia ya Witu Garsen mara kwa mara na biashara zangu, ukaguzi waujua. Kisu cheusi chenye meno na fuvu kikitolewa kwenye mfuko wako maelezo yatakuwa marefu basi lote likikusubiri. Kisu cha mpini wa mti au kile chekundu chenye mkasi na kifungua soda, mtu akiangalia aona ni cha kumenyea chungwa. Urefu wa ubapa waweza kuwa ule ule! Kwa hivyo wale wabunifu wanaokipa kisu sura ya vita wamempunguzia mnunuzi mahali pa kwenda nacho, na hilo ni pungufu la kazi sio la urembo.

#20 BintiKizingitini
@NjiaYaWitu hapo umesema kweli. Na sisi wanawake ndio zaidi, mwanamke akitoa kisu cheusi kikalia chwak kila mtu ageuka. Changu cha sasa cha rangi ya manjano, kikianguka majini nakiona na kwenye mkoba hakimtishi mtu.

#21 Yakhe_Tena (Lamu)
Bi Kizingitini kamba mwanunuaje wiki hii, maana naona uzi umefika sokoni.

#22 BintiKizingitini
Njoo uone mwenyewe, bei siandiki hapa mkaja kunikodolea macho.

#23 KinooChaAmu (Lamu)
Turudi. Nataka nisemee kufuli kwa sababu huko ndiko naona damu. Visu vingi vya sasa vina kile kijibati chembamba ndani ya mpini, kisu kikifunguka kijibati chaingia nyuma ya ubapa chazuia usirudi. Fundi mmoja Mmarekani, Michael Walker, ndiye aliyeukamilisha muundo huu mwanzo wa miaka ya 1980, na ukiwa umetengenezwa kwa uangalifu ni mzuri sana, wafunga kwa mkono mmoja, hauna kelele. Lakini kijibati kile lazima kikae kwa pembe yake barabara. Punje ya mchanga ikikaa hapo chashika nusu. Mteja wangu mmoja, kijana wa mashua, alikandamiza kisu chake kwenye kamba nene, kijibati kikateleza, kisu kikarudi juu ya vidole. Akashonwa. Nilipokifungua kile kisu ndani mlikuwa na mchanga na magamba ya samaki yamekauka kama simenti. Kwa nje kilikuwa kinang'aa.

Ndio nasema kwa baharini nataka kufuli ninaloweza kuliona na kulisuuza. Mpini uwe wazi mgongoni, maji yaingie na yatoke. Hilo nalo ni jambo la muundo na siku hizi vipo vingi vya hivyo, kwa hivyo si kweli kuwa muundo wa kisasa wote ni bure.

#24 mzee_wa_Pate
Niliwambia vidole.

#25 Kijana_Gajeti (Malindi)
Mzee ulisema 😅 lakini hata kisu cha ala kisicho na kizuizi, mkono huteleza kwenye mpini kikakata. Tukisafishe tu hakuna jengine.

#26 Msomi_wa_Chuma (Mombasa)
Niweke maelezo mengine ambayo hayajatajwa, maana Kinoo alisema lawama ni ya mtumiaji na BahariMali alisema ni ya sura. Mimi naona ni ya namba. Mtu anayenunua kupitia simu hawezi kukata nacho muhogo kwanza. Aona nini? Jina la chuma, ugumu wa chuma kwa kipimo cha Rockwell, uzito, unene wa ubapa, beringi za bawabani. Vyote hivyo vyaandikika. Ule wembamba wa juu ya makali anaosema Kinoo ni sehemu ndogo ya milimita, haupigiki picha na hakuna anayeuandika kwenye tangazo. Basi mtengenezaji ashindana kwenye yanayoandikika. Ubapa mnene waonekana ni mali nyingi kwa pesa yako, mwembamba waonekana umepunjwa. Victorinox, wenye kile kisu chekundu cha Uswisi, ugumu wao ni Rockwell 56 hivi, watu wa mitandaoni waudharau, na kisu hicho chakata kwa sababu ya wembamba tu, na kikiwa butu chanoleka hata kwenye kitako cha kikombe cha kauri.

#27 KinooChaAmu (Lamu)
@Msomi_wa_Chuma hapo kwa kauri umesema kweli kabisa, ile duara isiyo na rangi chini ya kikombe. Ila namba zako hazielezi kwa nini watu walioshika kisu dukani, wakakipima mkononi, bado wachukua kinene. Hao hawakununua kwa simu. Nawaona kila siku, waridhika na uzito.

#28 Mchonga_Milango (Lamu)
Uzito ni heshima ya mkono. Hata patasi zangu nzito nazipenda zaidi na mkononi hazina tofauti ya kukata. Hilo liko kwa binadamu, si la duka wala la kampuni.

#29 Msomi_wa_Chuma (Mombasa)
Labda yote mawili. Lakini hamjanishawishi kuwa kama matangazo yangeandika wembamba wa makali watu wasingebadilika.

#30 BahariMali (Shela)
Jamaa nawaletea habari. Kile kisu nlikipeleka kwa Kinoo akakipunguza bega kwa jiwe la kunolea la maji, siku nzima kikiwa kwenye zamu yake. Kwenye muhogo sasa chapita, kwenye ngisi wa friza chapita ingawa si kama Opinel, mgongo bado ni mnene na mwishoni wahisi kama chavutwa nyuma. Rangi nyeusi imetoka nusu ya ubapa, kuna mikwaruzo ya jiwe mpaka katikati. Jamaa yangu aliyeniletea alikiona akanyamaza kabisa, akaniuliza kama nataka aniletee kingine. Vijana wa gatini hawakishiki tena. Mimi ndio naanza kukipenda.

Kwa hivyo mimi msimamo wangu ni ule ule, sura ilitangulizwa. Ila namkubali Gajeti kwenye kufungua kwa mkono mmoja, jana nlikuwa nmeshika shikilio la tanga kwa mkono wa kushoto upepo umechacha nkakata uzi kwa kulia bila kuacha kitu. Hiyo Opinel isingeniwezesha.

#31 Kijana_Gajeti (Malindi)
Alhamdulillahi, nusu ya uzi nmeshinda. Sasa tuma picha.

#32 mzee_wa_Pate
Picha tena. Ndicho kilichoanza.

#33 BintiKizingitini
@Msomi_wa_Chuma nna swali jingine moja, mafuta gani nipake bawabani? Natumia ya nazi, baada ya muda yaganda na kunata.

#34 Msomi_wa_Chuma (Mombasa)
Ya nazi achia nywele dada. Chukua mafuta ya cherehani, tone moja kila upande, kwanza suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi ukikaushe vizuri ndani. Ukikatia chakula sana basi mafuta meupe yasiyo na harufu ya duka la dawa, yale ya kunywa ya tumbo, hayadhuru.

#35 MgeniWaUzi (Faza)
Shukran kwa elimu. Swali, mimi natumia kisu cha makali ya msumeno kwa kamba za nailoni na kimekuwa butu, jiwe la kawaida lakataa kuingia kwenye meno. Kinoo wakipokea cha hivyo?

#36 KinooChaAmu (Lamu)
Nakipokea. Kije na boti ya asubuhi, nna kijiti cha kauri chembamba chapita kila jino peke yake. Usikiguse kwa tupa kabla hakijanifikia tafadhali.